Bolti ya Mistari Sita

Kwetu Pangani, chombo kilicholazwa miezi saba bila kuguswa huhesabiwa kuwa kimepumzika. Ngalawa hupandishwa mchangani, baiskeli huegemezwa ukutani, na siku mwenyewe anapovihitaji huvifuta vumbi, husema bismillahi, na safari huanza. Niliingia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, nikiwa na imani hiyo moyoni, nayo ndiyo iliyonifanya, mwezi wa Aprili, niisukume mashine yangu ya kurushia theluji hadi pembeni mwa gereji, niijaze petroli pomoni isije ikaona njaa, niifunike turubai, na nisiikumbuke tena mpaka Novemba.

Sina budi kuieleza mashine hii kwa msomaji ambaye, kwa bahati yake njema, hajapata kuihitaji. Wenye lugha yao huiita kipuliza theluji, lakini haipulizi chochote. Mbele ina kinywa cha upana wa sentimita 61, na ndani ya kinywa hicho mna parafujo mbili kubwa za chuma, moja kushoto na moja kulia, ambazo huimega theluji na kuivutia katikati kama mashine ya kusagia nyama inavyouvuta mnofu. Nyuma ya parafujo hizo kuna feni nzito inayoipokea na kuitema juu kupitia bomba linalogeuka huku na huku mithili ya shingo ya bata mzinga, hata theluji ikaanguke mita kadhaa mbali, mahali ambapo, Mungu akipenda, si kwa jirani. Uzito wake unakaribia kilo mia moja. Babu wa mashine hizi alitengenezwa mwaka 1925 na Arthur Sicard wa Quebec, nchini Kanada, ambaye miaka miwili baadaye aliuza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Nami, kila ninapoisukuma yangu alfajiri, humwombea mzee huyo dua ambayo sehemu yake ya kwanza ni ya shukrani.

Yangu niliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa akihamia Arizona, na furaha aliyokuwa nayo siku ya kuniuzia ilipaswa kunitia shaka. Alinikabidhi funguo, kijitabu cha maelekezo, na kifuko cha plastiki chenye bolti mbili ndogo na nati zake, akanisisitizia nisizipoteze. Nilizitazama kwa adabu. Zilikuwa nyembamba, urefu wa inchi moja na nusu, vichwa vyake vitupu visivyo na alama yoyote, vitu ambavyo fundi wa kwetu angempa mtoto achezee. Nilikiweka kifuko juu ya rafu ya gereji, mzee yule akaenda zake jangwani, na mimi nikabaki na mashine.

Theluji ya kwanza ya Novemba ilianguka usiku, na kulipopambazuka nilikwenda gereji kwa mwendo wa mtu mwenye mali. Sheria ya mji wa Minneapolis humtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya kwake ndani ya saa 24 tangu theluji ikome, na mimi nilitaka kuimaliza kazi ndani ya saa moja. Niliivuta kamba ya kuwashia mara arobaini. Naijua hesabu hiyo kwa sababu binti yangu alisimama dirishani akihesabu kwa sauti kama mwamuzi wa ndondi. Msomaji mjuzi atauliza kwa nini sikutumia kitufe cha umeme, ambacho huunganishwa na soketi ya nyumba kwa waya wa kurefushia. Waya huo ulikwisha kuliwa na mashine yenyewe msimu uliotangulia, na kisa hicho ni kirefu.

Alikuja jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye babu zake walitoka Norwei, naye amestaafu kazi ya kutengeneza matrekta. Wenyeji wa Minnesota hawapotezi maneno. Chakula kikiwashinda kwa utamu husema "si mbaya sana", na jambo likiwachukiza kupita kiasi husema "hiyo ni tofauti", kisha hutazama pembeni. Mzee huyu anaupima kila msimu wa baridi kwa tufani ya Halloween ya mwaka 1991, iliyoangusha inchi 28.4 za theluji katika eneo la Minneapolis na St. Paul, na kwa kuwa hakuna msimu uliomtosheleza tangu hapo, huwa anaonekana kama mtu aliyekosewa ahadi. Alikifungua kifuniko cha tangi langu, akanusa, akakifunga taratibu kama aliyefungua mlango wa chumba asichostahili kuingia.

"Aprili?" akauliza.

"Aprili," nikakiri.

Akanieleza kwamba petroli ya Marekani kwa kawaida imechanganywa pombe hadi asilimia kumi, na kwamba pombe hiyo huvuta unyevu wa hewa. Petroli yenyewe ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi hupotea hewani na kuacha utomvu unaonata ndani ya kabureta, ambako vitundu vya kupitisha mafuta ni vyembamba kama unywele. Yaani mimi, niliyelelewa madrasa, nilikuwa nimeifungia mashine yangu ndani pamoja na pombe kwa miezi saba, kisha nikashangaa kwamba imeshindwa kuamka asubuhi.

Kazi ya kuisafisha ilituchukua siku nzima. Tuliimwaga petroli ile katika dumu, tukakifungua kikombe cha kabureta na kukuta utando wa rangi ya chai ya rangi iliyolala, na mzee akakizibua kitundu kwa uzi mmoja wa waya wa shaba alioushika kama mshona kofia anavyoshika sindano. Tukabadilisha plagi na oili, tukaweka petroli mpya iliyotiwa dawa ya kuizuia isiharibike, na mashine ikawaka kwa mvuto wa pili. Baada ya hapo akanifundisha kupaka grisi mhimili wa parafujo: bolti mbili zinazozishika parafujo hutolewa, grisi hupigwa kwa bomba lake, parafujo huzungushwa kwa mkono ili grisi ienee, kisha bolti hurudishwa, kwa maana zikiachwa hivi hivi parafujo hushikamana na mhimili kwa kutu. Alipokuwa akizirudisha bolti zile alinieleza jambo refu juu yake, refu kwa vipimo vyake, yaani sentensi mbili. Mimi wakati huo nilikuwa nimelishika kopo la grisi, nikiwaza kama vidole vyangu bado ni vyangu, na sentensi zile mbili zikapita juu ya kichwa changu kama ndege waendao kusini.

Agizo lake la mwisho nililisikia vizuri. Alisema theluji yenye majimaji hunata ndani ya bomba na kuliziba, hivyo nilipake bomba mafuta ya kupikia ili theluji iteleze.

Hapa ndipo nazi ilipoingia katika habari hii, na haikutoka tena. Katika nyumba yangu mafuta ya kupikia ni mafuta ya nazi. Nililichukua kopo la mama watoto, nikayayeyusha mafuta juu ya jiko, nikayapaka ndani ya bomba kwa brashi, matabaka matatu, kwa ukarimu. Kila mwanamke wa Pangani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda joto linapopungua nyuzi 24 hivi, ndiyo maana asubuhi za kipupwe kopo huanikwa juani kabla ya mtu kujipaka. Mimi pia nilijua. Ila ujuzi huo ulikuwa umebaki Pangani, na gerejini kwangu siku hiyo nyuzi zilikuwa mbili chini ya sifuri. Bomba lililokuwa laini likawa na ukuta mweupe mnene, wenye mikunjo na mabonge, mithili ya mshumaa uliokesha.

Theluji iliyofuata ilikuwa ya majimaji. Mashine ilikwenda hatua kumi, ikatema, ikakohoa, ikatema kidogo zaidi, kisha ikakataa kabisa, kama mtoto aliyeshiba uji. Nilizima injini, nikavua glavu, nikainama ili nitie mkono katika bomba niondoe kile kigae cha theluji na mafuta. Sijawahi kumsikia jirani yangu akipaza sauti, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alikuja akiruka vifusi vya theluji kwa viatu vya nyumbani, akaniambia kwamba hata injini ikiwa imezimwa, mkanda unaweza kuwa bado umejikaza, na feni ikifunguliwa huzunguka nusu mzunguko kwa ghafla, na nusu mzunguko unatosha. Kisha akaninyooshea mkono wake wa kushoto, ambao kidole chake cha kati kinaishia katikati. Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza.

Mashine hizi huja na kijiti chao cha kuzibulia bomba. Cha kwangu kilikuwa kimepotea, pengine kiko Arizona. Nikaenda jikoni kimyakimya nikachukua mwiko wa ugali, mti mgumu wenye mpini mrefu, ambao kwa kazi ile ulikuwa kana kwamba ulichongwa makusudi. Niliuosha mara tatu kabla ya kuurudisha. Jioni mama watoto aliuinua hadi puani, akanitazama, akasema, "Baba watoto, ugali wa leo utanukia kituo cha mafuta." Kuyakwangua mafuta yaliyoganda bombani kulimaliza Jumapili nzima na birika kumi na moja za maji ya moto, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi ya msimu.

Kisa chenyewe kilianza Januari, kwa kosa la katapila la barabarani. Mtu anaweza kuisafisha njia ya gari lake mpaka ikang'ara, akarudi ndani, akamiminiwa chai, na kabla hajakigusa kikombe gari la mji la kusukuma theluji likapita na kumwachia mlangoni tuta la mabonge ya barafu, chumvi na mchanga lililo gumu kama saruji. Serikali ya jimbo hualika wananchi wayapigie kura majina ya magari yake ya theluji, na mwaka 2021 jina lililoongoza lilikuwa Plowy McPlowFace. Gari linalopita mtaani kwetu ni la mji na halina jina. Mimi nimelipachika moja, lakini siwezi kuliandika mahali ambapo watoto wanasoma.

Ndani ya tuta hilo, asubuhi hiyo, mlikuwa na gazeti. Ni yale magazeti ya matangazo yanayotupwa bure mbele ya nyumba yakiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na gazeti lililolala siku nne katika barafu si gazeti tena, ni gogo. Mashine ililibugia, kukasikika mlio mdogo mkavu, tak, na parafujo ya kulia ikasimama huku ya kushoto ikiendelea kuzunguka kama mwanakwaya asiyejua kwamba wimbo umekwisha. Nilizima, nikachungulia, nikakuta bolti ya kulia imekatika vipande viwili.

Ilikuwa saa moja asubuhi kwangu, kwa hiyo saa kumi alasiri Tanga, wakati ambapo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hukaa mbele ya karakana yake na kahawa. Shemeji ametengeneza malori kwa miaka ishirini na mitano, na hajapata kuiona theluji ila katika jokofu lililoharibika. Nilimpigia kwa picha.

"Shemeji, bolti imekatika."

"Nionyeshe." Nikakisogeza kipande mbele ya simu. Akakaa kimya kwa huzuni. "Hii si bolti, shemeji. Hii njiti ya kiberiti. Nani kakufungia?"

"Imetoka nayo kiwandani."

"Basi kiwanda kimekuonea kwa kuwa wewe ni mgeni. Tazama kichwani, hakina hata mstari mmoja. Bolti isiyo na mstari ni ya kufungia kitanda cha mtoto. Bolti ya mashine huwa na mistari mitatu, na ya mwanamume ina sita. Huna ya mistari sita?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa na bati zima la bolti nililonunua katika mnada wa mtaani, na baada ya kupekua nilipata nne za gredi ya nane, zenye mistari sita iliyosambaa kichwani kama miale ya jua. Bolti mpya iliingia kwa shida kidogo na nyundo kidogo. Shemeji aliishangilia kutoka Tanga kana kwamba bao limeingia. Kisha, kwa kuwa sikutaka upande mmoja umwonee mwenziwe wivu, nikaitoa na ile nzima ya kushoto, nikaitupa katika pipa la taka, na mahali pake nikafunga nyingine ya mistari sita.

"Hizo," shemeji akasema, "zitadumu hadi Kiama."

Kiama kilikuja Ijumaa ya wiki ya pili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo zilianguka inchi saba za theluji pamoja na upepo, na mimi nilitaka kuzimaliza kabla ya kwenda msikitini, hasa kwa kuwa tulikuwa tumemwalika jirani yetu chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa fadhila zake za Novemba. Njia ya gari ilikwisha haraka na kwa raha. Tuta la barabarani mashine ililitafuna bila kuguna, kipande cha barafu cha ukubwa wa tikiti kikasagwa na kurushwa, na ndani ya nafsi yangu nilimsifu shemeji kwa sauti. Nikageukia njia nyembamba ya kuelekea mlango wa mbele, ambako theluji ilikuwa laini na safi, kazi ya dakika mbili.

Mbele ya mlango huo tuna busati la kufutia miguu lililosukwa kwa makumbi ya nazi. Nilipoliona dukani nililinunua bila kuuliza bei, kwa kuwa lilinuka kwetu. Ni zito, lina mgongo wa mpira, na nyuzi zake ngumu zinasimama kama nywele za mtu aliyekasirika. Sitasema ni nani aliyelikung'uta Alhamisi jioni akaliacha katikati ya njia, maana kuna msomaji mmoja wa kisa hiki ambaye tunalala chumba kimoja. Ninachosema ni kwamba chini ya inchi saba za theluji busati halina alama.

Parafujo zililishika pembeni na kulivuta ndani kwa tamaa. Makumbi yakajiviringisha kwenye mhimili, mpira ukajikunja, mashine nzima ikaruka mbele mithili ya punda aliyechomwa mwiba, na injini ikashuka sauti kutoka soprano hadi besi. Wakati kama huo mtu anatakiwa aachilie vishikio, na mashine itasimama. Mimi nilivishika zaidi, kwa maana ndivyo afanyavyo kila aliyeshika kitu kinachotaka kukimbia. Nilingoja kitu kikatike. Hakikukatika. Kilichotokea ni mlio mmoja mzito ambao ninaujua tangu utoto na ningeutambua hata usingizini, mlio wa nazi iliyopigwa ikapasuka mara moja kati na kati. Kisha grisi ya kijivu ikaanza kudondoka juu ya theluji, polepole, kama tui.

Jirani alikuwa amekwisha kuwasili kabla sijasimama wima. Kati ya parafujo mbili, katikati kabisa ya kinywa, kuna kijisanduku cha alumini kiitwacho gia boksi, ambacho ndani yake gurudumu la meno la shaba nyeusi hupokea nguvu ya injini na kuigeuza izungushe parafujo. Kijisanduku hicho kilikuwa kimepasuka pande mbili. Mzee alipiga magoti, akakipapasa, akavuta ncha ya makumbi iliyochomoza, kisha akatoa kitambaa mfukoni na kufuta kichwa cha bolti ya kulia. Akafuta na cha kushoto. Akahesabu kwa kidole. Mistari yote kumi na miwili ilikuwapo, ikimetameta, haina hata mkwaruzo.

"Hiyo," akasema, akitazama pembeni, "ni tofauti."

Nilijua kwamba nimehukumiwa. Ndipo akazirudia zile sentensi zake mbili za Novemba, na safari hii nilizisikia neno kwa neno. Bolti zile za awali zilitengenezwa kwa chuma laini kwa makusudi, ili mashine ikikwama zikatike zenyewe na kuinusuru gia boksi. Kwa hiyo mtu huweka za akiba karibu, na kamwe haweki ngumu. Kumbe kile kibolti kilikuwa fyuzi, nami nilikuwa nimefanya kile ambacho nimewaona watu wakikifanya kwetu tangu utotoni: fyuzi ikiungua mtu huchomeka kipande cha msumari, na nyumba ikiungua husema kwamba umeme wa siku hizi ni mkali. Mzee alinieleza kwamba mashine yake aliinunua baada ya tufani ya 1991, kwamba bolti amekwisha kukata asizoweza kuzihesabu, na gia boksi ni ile ile iliyotoka nayo dukani. Kisha akaenda akaileta, akaimalizia njia yangu kwa dakika tatu, huku mimi nikiwa nimelikumbatia busati lililosalia nusu, lenye herufi mbili za mwisho za neno la kukaribisha wageni.

Kabla ya kuondoka kwenda msikitini nilimpigia shemeji.

"Shemeji, mashine imeharibika. Gia boksi imepasuka."

Kimya kirefu. "Na bolti je? Zimekatika?"

"Hazijakatika."

"Si nilikuambia!" akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kuiharibu.

Mchana jirani alikuja kwa chakula akiwa amevaa shati la kutokea na kuchana nywele, na kama walivyo watu wa huku alivua viatu mlangoni, mahali ambapo busati lilipaswa kuwapo. Alikuwa amekwisha kuniulizia bei: gia boksi nzima ni zaidi ya dola mia tatu na huchukua wiki kadhaa kufika, ilhali bolti mbili za kukatika ni kama dola nne, lakini kwa sababu ya tufani duka la karibu lilikuwa limeishiwa. Alinishauri niagize bolti pamoja na gia boksi, nyingi, na nizibandike kwa utepe wa gundi kwenye kishikio cha mashine ili nisizisake gizani. Aliyasema hayo yote bila kunicheka, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko kicheko.

Chakula kilikuwa bado. Mama watoto alikuwa ameketi jikoni juu ya mbuzi, akikuna nazi ya pili, na sauti ile ya kwarakwara ikamvuta mzee kama filimbi inavyomvuta mtoto. Hakuwa ameona mbuzi ya nazi maishani mwake. Alisimama mlangoni akaitazama: kigoda kinachokunjwa, miguu inayopishana, na ule ulimi wa chuma wenye meno unaochomoza mbele. Mtu aliyetengeneza matrekta miaka arobaini hawezi kupita mbele ya kitu cha namna hiyo. Aliomba ruhusa kwa adabu, mama watoto akainuka na kumpisha, akabaki amesimama na kifuu mkononi, na mzee akapiga magoti sakafuni kwa mara ya pili siku hiyo. Aliyapapasa meno kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaikunja mbuzi, akaikunjua, akaikunja tena. "Si mbaya sana," akasema, na nikamfasiria mama watoto kwamba ameisifu mno.

Halafu akasimamisha mkono. Akavaa miwani. Akainama hadi pua yake ikakaribia kiungo cha miguu, mahali ambapo wakati wa kiangazi, mbuzi ilipolegea na mama watoto akatishia kununua tui la kopo, niliikaza kwa bolti mbili zilizoingia katika matundu yake kana kwamba zilichongwa Pangani.

"Hizi," akaniuliza bila kuinua kichwa, "umezitoa wapi?"

"Kwenye rafu ya gereji," nikasema. "Zilikuwa katika kifuko cha…"

Sikuimaliza sentensi hiyo. Jikoni kukawa kimya kabisa. Tangu Julai, wakati wote wa gazeti, wa bati la bolti, wa nyundo na wa shangwe za shemeji, zilikuwa hapo, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa gereji, na mke wangu akizikalia kila Ijumaa. Mzee aliniomba spana kwa sauti ya upole, akanyoosha mkono kuijaribu nati kwa vidole.

Mama watoto hakuwa amefuata Kiingereza chote, lakini mkono unaoelekea kwenye mbuzi yake hauhitaji mkalimani. Aliinua mwiko kutoka mezani, ule ule, ambao hadi leo ukipata joto hutoa harufu ya petroli.

"Mwambie mzee wako," akasema, "bolti zitatoka tui likishakamuliwa."

Nikafasiri. Jirani aliutazama mwiko, akautazama mkono wake wa kushoto, na akaurudisha mfukoni.